Mbayuwayu wakijaa kwenye nyaya, Moshi masika inabisha hodi

Kama unataka kujua masika imekaribia Moshi usianze na simu, toka nje uangalie waya wa umeme. Mwezi wa tatu ukishaingia, hapa kwetu Rau mbayuwayu wanaanza kukaa kwenye nyaya kwa wingi, sio wale wawili watatu wa Januari waliokuwa wanapita juu ya majaruba na kupotea, sasa hivi wanajaa nguzo hadi nguzo, wote wameelekeza vidomo kule upepo unakotoka, wanajichambua manyoya, halafu ghafla bila mtu kurusha jiwe wala pikipiki kupiga honi wanaruka wote, wanazunguka juu ya migomba ya jirani, wanarudi pale pale. Kesho yake wameongezeka. TMA, wale wa mamlaka ya hali ya hewa, huwa wanatoa utabiri wao wa masika mapema, nausoma kila mwaka na nauheshimu maana wale ni watu wa vipimo, ila waya nao una taarifa yake na mi nazisoma zote mbili.

Nianze na hawa mbayuwayu maana ndio walionifundisha kuangalia juu. Hawa wa kwenye nyaya sio wenyeji. Wamezaliwa Ulaya na Asia huko, kwenye mazizi ya ng'ombe na chini ya mapaa ya watu, wakaanza kushuka huku kuanzia mwezi wa tisa kwao kulipoanza kupoa. Ukimpata mmoja aliyekaa chini chini mwangalie vizuri: paji la uso na koo ni rangi ya matofali, kifuani ana mkanda mweusi, mgongo ni bluu iliyokolea inayong'aa jua likimpiga, tumbo jeupe, na mkia wa panda. Mzima mzima ana gramu 20 hivi. Na huko anakojiandaa kwenda watu wanamsubiri jamani. Uingereza, Ujerumani, Poland, Urusi, mtu akimuona mbayuwayu wa kwanza mwezi wa nne anajua baridi imeisha na majira ya machipuko yameingia, anawaambia majirani, anaandika tarehe. Wakati huo sisi tumeshamlisha miezi mitano sita. Hiyo ndiyo ishu ninayotaka tuielewe sisi wa huku: ile dalili wanayoisubiri wenzetu inaandaliwa hapa, kwenye mpunga wa Mabogini na Chekereni, kwenye miwa ya Arusha Chini, kwenye kiwanja cha mpira cha shule iliyo jirani na wewe, na kwenye nyasi za nyuma ya nyumba yako kama bado hujazifunika na pevingi.

Sasa kuna kitu kimoja ambacho ukikiona mara moja kila mwaka utakuwa unakitafuta. Ule mkia. Mbayuwayu anabadilisha manyoya akiwa huku Afrika, anabadilisha polepole, unyoya mmoja mmoja, ili asishindwe kuruka, kwa hiyo Desemba na Januari ukiwaangalia wako hovyo, bawa lina pengo, mkia mfupi, rangi imepauka, unaweza kudhani ni ndege mgonjwa. Mwezi wa tatu ukifika kazi imeisha. Manyoya yote mapya, bluu inang'aa, na zile nyuzi mbili za pembeni za mkia zimeota zimetoka nje kabisa, ndefu, nyembamba, na madume wana ndefu zaidi. Mi nikiona zile nyuzi zimekamilika kwa wengi wao naanza kuhesabu kwamba hapa bado wiki mbili tatu waondoke. Na huwa wanaondoka hivyo hivyo kidogo kidogo, leo wengi, kesho waya una nafasi, keshokutwa wamekuja wengine kabisa waliotoka kusini zaidi, Zambia huko au Afrika Kusini, wanapita tu wanapumzika, kwa hiyo usije ukasema ni wale wale.

Watu wa Ulaya wenyewe ilikuwa inawachanganya sana zamani, mbayuwayu wanakwenda wapi. Askofu mmoja wa Uppsala, Sweden, Olaus Magnus, aliandika kitabu mwaka 1555 akasema wanazama ndani ya maji wanalala huko chini mpaka baridi iishe, na kwamba wavuvi huwa wanawavuta na nyavu. Msomi kabisa huyo. Na mawazo ya namna hiyo yalikaa kwa karne nyingi. Mwaka 1822 huko Klütz, Ujerumani, wakampiga korongo mweupe wakamkuta ana mshale umepita shingoni, mshale wa mbao wa Kiafrika, alipigwa huku akaruka nao mpaka kwao. Yule korongo wakamkausha na mpaka leo yupo kwenye chuo kikuu cha Rostock, mshale wake shingoni. Halafu mwaka 1911 bwana mmoja wa Staffordshire, Uingereza, John Masefield, alimvisha mbayuwayu pete ndogo mguuni, na Desemba 1912 ndege huyo huyo akapatikana Natal, Afrika Kusini. Ndio wakaamini kabisa. Mi huwa nafikiria yule aliyerusha mshale. Hatujui alikuwa nani, kijiji gani, alikosa kitoweo chake siku hiyo akarudi nyumbani, na mshale wake ukaenda kuwafundisha maprofesa.

Hao korongo weupe nao utawaona msimu huu, lakini sio mjini sana. Ukiwa kwenye Coaster unakwenda Arusha, ukishapita Boma Ng'ombe kuelekea KIA, ile tambarare yenye joto, angalia juu saa nne saa tano asubuhi ardhi ikishaanza kuchemka. Wanazunguka. Hawapigi bawa, wanapanda na ile hewa ya moto inayoinuka mpaka wanakuwa vidoti, halafu wanajiachia kuelekea kaskazini wanashuka taratibu mpaka wapate hewa nyingine ya moto. Ndio maana hawapendi kuvuka bahari, juu ya maji hewa haiwapandishi vile, wanaufuata mto Nile, Sinai, wanatokea Uturuki.

Sasa swali lililokuwa linanisumbua ni wanajuaje. Ulaya ni rahisi kuelewa, siku zinafupika kabisa, mtoto mdogo anaona giza limewahi. Hapa Moshi tuko nyuzi 3 na kitu kusini ya ikweta, mchana wa Desemba na mchana wa Juni hautofautiani hata nusu saa. Saa kumi na mbili na nusu hivi asubuhi jua limetoka, saa kumi na mbili na nusu hivi jioni linazama, mwaka mzima, ndio maana saa zetu tunazihesabu hivi. Ndege aliyekaa hapa miezi mitano anapata wapi habari kwamba Poland theluji inayeyuka? Kuna mtafiti wa Kijerumani, Eberhard Gwinner, alianza kulifuatilia hili miaka ya 1960. Alifuga ndege wadogo wanaohama, akawaweka kwenye chumba ambacho taa inawaka saa 12 inazimwa saa 12, joto lile lile, chakula kile kile, hakuna dirisha. Wakabadilisha manyoya msimu wake ulipofika. Wakanenepa. Na msimu wa safari ulipofika usiku wakawa hawalali, wanarukaruka ndani ya kizimba, wanapiga mabawa, miezi ile ile ambayo wenzao wa nje wako njiani. Yaani kalenda wanayo ndani ya mwili, wamezaliwa nayo.

Mmoja wa ndege aliowatumia ni huyu ambaye hapa kwetu kila mtu amempita bila kumuona. Phylloscopus trochilus ndio jina lake la kitaalamu. Ni kadogo, gramu 9 au 10, mgongo kijani iliyofifia, chini manjano kidogo, mstari mweupe-njano juu ya jicho, hana urembo wowote. Anakaa ndani ya majani ya mparachichi na mgrevilea, anahangaika tawi kwa tawi anaokota viwavi na vidukari, kuanzia Oktoba yupo, wala hasumbui mtu. Halafu mwezi wa pili ukiisha anaanza kuimba. Ni wimbo mwembamba unaoanzia juu unashuka taratibu unaishia kama umesahauliwa katikati, na anaurudia asubuhi nzima. Huku hatafuti mke, hana kiota, eneo lake liko maelfu ya kilomita, wengine wanaotua Afrika mashariki wametoka Siberia huko mashariki kabisa, lakini anaanza kuimba akiwa bado kwenye mparachichi wangu. Mi nikisikia hiyo sauti huwa nasimama kwanza na ndoo yangu ya maji. Machipuko ya mtu mwingine yanaanza juu ya tenki langu.

Na kuna jua. Watu wanasema jua la mwezi wa tatu ni kali wakidhani ni maneno tu, hapana, linakuwa utosini kweli. Kama tarehe 12 mwezi wa tatu, Moshi, jua linasimama juu ya kichwa sawasawa, na kwa saa zetu inakuwa saa saba kasoro dakika ishirini mchana. Simamisha mti au chupa kwenye sakafu siku hiyo uone, kivuli hamna. Baada ya hapo jua linaendelea kaskazini, na ule ukanda wa mvua unalifuata nyuma, unachelewa wiki kadhaa, ndio masika hiyo, Machi mpaka Mei na Aprili ndio yenyewe. Kwa hiyo jua linakwenda kaskazini, mvua inalifuata, ndege wanakwenda nalo. Kinachotunyeshea mahindi yetu ndicho kinachoyeyusha theluji ya kule wanakokwenda. Mi hili nilivyolielewa nilikaa kimya siku nzima, niliona kama mtu amenifungulia mlango wa nyumba ambayo nimeishi miaka yote bila kujua ina chumba kingine.

Wazee wetu wala hawakuhitaji hizo tarehe. Bibi yetu wa Old Moshi kalenda yake ni sauti. Kuna ndege wa jamii ya kekeo, kifua chekundu cha kutu, huwezi kumuona kirahisi anajificha kwenye miringaringa mirefu, ila sauti yake hata aliyelala anaisikia: mipigo mitatu inayoshuka, ya kwanza juu, ya pili chini kidogo, ya tatu chini kabisa, anarudia na kurudia, hata usiku. Huyu akianza kuita bibi hana mjadala. Mwaka huu nimepanda kumsalimia jumapili moja ya Kwaresma, sijakaa hata kitini.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Mbegu umenunua?"

"Bado bibi, mvua yenyewe si bado."

"Unamsikia huyo? Ameanza juzi. Unataka akuite mara ngapi? Shamba la kule chini mmelisafisha?"

Shamba la kule chini ndio tambarare, maana kihamba cha juu kina migomba na kahawa, mahindi na maharage tunalima chini huko. Nikamwambia tutasafisha wiki hiyo. Akasema haya, ndizi zipo jikoni, kaleni. Ndio hivyo bibi, hakuelezi kitu mara mbili. Na huyo kekeo mwenyewe halei watoto wake, anataga kwenye viota vya kurumbiza, wale wenye kifua cha chungwa wanaoimba alfajiri kabla ya adhana na kabla ya kengele, kwa hiyo anaita kwa sababu wao wanajenga, na wao wanajenga kwa sababu wadudu wanakuja, na wadudu wanakuja na mvua. Bibi anachokisikia ni mwisho wa mnyororo mrefu.

Mjini chini mi namtegemea zaidi dudumizi, wengine mnamwita tipitipi. Kahawia mzito mzito, nyusi nyeupe, jicho jekundu, anatembea ndani ya vichaka kuliko anavyoruka, na wingu likikusanyika anatoa ile sauti ya ndani ndani kama maji yanayomiminwa kutoka kwenye chupa yenye shingo nyembamba. Anaanza mmoja kwenye vichaka vya mtoni, anajibu mwingine ng'ambo. Haina maana kwamba ameshika ufunguo wa mvua, huwa anaita na siku nyingine kavu kabisa, lakini akiita jioni, hewa imesimama, kilele cha Kibo kimefunikwa tangu saa tatu asubuhi na upande wa mlima kuna ngurumo, mi naanua nguo.

Halafu inanyesha. Mvua ya kwanza ya maana huwa inakuja usiku, mabati yanapiga kelele, umeme unaondoka, watoto wanahamia kitandani kwako, asubuhi unaamka Kibo iko wazi ina theluji mpya mpaka chini, vumbi lote limelala. Siku kama hiyo ukiweza kuchelewa kazini chelewa. Maana kumbikumbi watatoka.

Mwaka huu wametoka pembeni ya choo cha nje, ardhi ilikuwa imepasuka vimashimo kama sita saba pale, kwenye kila shimo askari wa mchwa wamesimama mlangoni na vichwa vyao vikubwa, halafu kumbikumbi mmoja akachungulia, akarudi, akachungulia, akatoka na mabawa yake marefu yaliyolowa kidogo, akapanda kijiti, akaruka. Baada ya hapo hukuweza kuhesabu. Walitoka mfululizo wanasukumana. Kuku wa kwetu walifika wa kwanza, halafu shomoro, wale ambao siku zote wanangoja makombo jikoni leo walikuwa wanaruka wima juu kama futi mbili wanadaka wanashuka, mbaya mbaya lakini wanapata. Shore wa kwenye mpera walikuja, wanadaka kutoka tawini na kurudi tawini. Kunguru wale wenye shati jeupe walikuwa hawana haraka, wanatembea wanaokota waliokwisha kudondosha mabawa, wanajaza domo mpaka wengine wanatokea pembeni. Juu zaidi walikuwa mwewe, huyu ndiye wa kumwangalia, anampata kumbikumbi kwa mguu, sio kwa mdomo, anakunja kucha, anaupeleka mguu mbele kwenye mdomo wakati bado anaelea, anakula, anaachia mabawa yanaanguka taratibu. Na juu ya mwewe wote, wageni wangu mbayuwayu, wanakata na kurudi, mdomo wazi. Mama jirani ambaye kwao ni kanda ya ziwa alikuja na sufuria, anawakaanga na chumvi, tukagawana na ndege.

Pale ndipo mafuta ya safari yanapopatikana. Mwanangu wa darasa la nne aliuliza wanalala wapi wakiwa njiani, swali zuri tu, nikamweleza kwamba inategemea ni nani. Mbayuwayu anasafiri mchana, anakula huku anaruka, jioni anashuka na wenzake kwenye matete ya mtoni au bwawani wanalala. Yule mdogo wa kwenye mparachichi anasafiri usiku, anatumia nyota na usumaku wa dunia kujua njia, mchana anajificha kwenye kichaka chochote chenye wadudu. Lakini wote wanafika mahali ambapo hamna matete wala kichaka, Sahara, kilomita 1,500 na zaidi za mchanga na mawe, na hapo mwenye akiba ya mafuta ndiye anayevuka. Ndege wadogo wengine wanaongeza uzito karibu mara mbili kabla ya kuivuka. Akaniuliza sasa wasiponenepa? Nikamwambia hawafiki. Akaenda kuangalia kama kumbikumbi wamebaki.

Wakati wageni wanafunga mizigo, wenyeji ndio wanaanza ujenzi, na hii ndio sehemu ninayoipenda kuliko zote. Tuna mbayuwayu wetu wa kudumu pia, wana michirizi kifuani na kichwa cha rangi ya kutu, wanangoja dimbwi la kwanza. Barabara yetu haina lami kwa hiyo madimbwi hayakosekani. Wanatua ukingoni, mabawa wameyainua yasiguse tope, wanachukua kidonge kimoja cha udongo mdomoni, wanakwenda chini ya daraja la mfereji au kwenye varanda ya mtu, wanakibandika, wanarudi. Kidonge kwa kidonge mpaka kinatokea kiota chenye kijishingo cha kuingilia. Kama wamejenga kwako tafadhali usikitoe na mti wa ufagio. Kinyesi kinaosheka, weka gazeti chini, wiki chache tu wanamaliza.

Na mnana. Tuna mnana mmoja hapa ambaye dunia nzima hapatikani isipokuwa kaskazini mashariki mwa Tanzania na kusini mashariki mwa Kenya, kitaalamu Ploceus castaneiceps, Wakenya wanamwita kwa jina la Taveta. Dume ni manjano ya kung'aa na kisogo na kifua vya rangi ya chungwa iliyoungua. Mtu anatoka Uholanzi na kamera ya mamilioni kuja kumtafuta, na yeye anajenga kwenye matete ya mfereji ambapo vijana wanaosha bodaboda. Angalia anavyochana: anauma ukingo wa jani la tete au la mnazi, anakata kidogo, anashika kile kipande, anaruka nacho, na kuruka kwenyewe ndiko kunakochana ule uzi mrefu. Anafunga fundo kwa mdomo akining'inia kichwa chini. Kiota kikiwa kibichi, kijani, anakaa chini yake anatingisha mabawa anaita, jike anakuja kukagua, anaingia, anavuta vuta ndani, mara nyingi anaondoka. Dume anaanza kingine. Wakati huo huo huko milimani vitumba vya kahawa vilivyolala kiangazi kizima vimeamka na ile mvua, baada ya siku nane tisa hivi kihamba kizima ni cheupe, harufu unaipata ukiwa bado barabarani, na ndani ya siku mbili tatu maua yamekwisha. Wenye kahawa nisikilizeni hapa: mwaka 2014 ilitoka tafiti iliyofanyika hapa hapa Kilimanjaro, walifunika mikahawa na nyavu ili ndege na popo wasifike, na ile iliyofikiwa na ndege na popo ikashika matunda zaidi kwa karibu asilimia 9. Kale kandege ka gramu 9 kanakookota viwavi ni kibarua wako, na hulipi kitu.

Ndio maana inaniuma sana nikiona tunavyofanya sasa hivi mjini. Nyumba mpya ikijengwa kitu cha kwanza ni kukata mringaringa na mparachichi wa mzee, cha pili kumwaga pevingi geti mpaka choo, cha tatu kupanda viti vya saruji na ua moja la kwenye chungu. Kumbikumbi watatokea wapi? Dawa ya mchwa inamwagwa kwenye kiwanja kizima, hata pale ambapo hamna mbao ya kuliwa. Najua kuna kwelea kwelea kwenye mpunga na najua hasara yake, wakulima wa kule chini wana kilio cha kweli na ndege ya kunyunyizia dawa ikija wanashukuru, hilo sibishani nalo. Naongelea uwanja wako wewe wa mjini ambao hauna hata shina moja la mpunga. Acha kona moja ya nyasi. Acha mti mmoja mkubwa. Mti mmoja wa matunda uliozeeka unabeba kuzumburu, chozi, hondohondo wakipita, na wasafiri wa Siberia ndani yake, wote kwa pamoja.

Kama unataka kuanza wala huhitaji darubini. Anza na asubuhi, saa kumi na mbili na nusu mpaka saa mbili, kaa na chai yako sehemu moja usitembee. Andika tarehe na ulichokiona hata kwenye daftari la watoto, mvua ya kwanza lini, kumbikumbi lini, kekeo ameita lini, waya umejaa lini na umebaki mtupu lini. Simu ina programu ya bure inaitwa Merlin inasikiliza sauti na kukwambia ni nani, inasaidia sana kwa wale wasioonekana, ila hakikisha na macho yako. Nchi hii ina aina zaidi ya 1,100 za ndege na wengi wa waliowaandika ni wageni, daftari la mtu wa Pasua au Kiboriloni lingekuwa na faida kubwa.

Ninapoandika hivi ni wiki ya pili ya mwezi wa nne. Waya wetu umebaki na mbayuwayu wachache, vijana vijana wenye mikia mifupi, mparachichi umenyamaza, na wale wembamba wa manjano waliokuwa wanatikisa mkia kati ya ng'ombe pale kiwanjani wamebaki wawili. Bado nawasubiri kozi wa Amur. Hao wametoka kusini mwa Afrika na wanarudi China kaskazini na Siberia, na njia yao inakatiza bahari ya Hindi, kilomita zaidi ya 2,000 juu ya maji, ndege asiyefika hata robo kilo. Huwa wanapita na radi, mbele ya mvua, wanafuata kumbikumbi wa huko juu, dume ni kijivu miguu myekundu na chini ya bawa mweupe. Mwisho wa mwezi wa nne mpaka mwanzo wa wa tano ndio wao, kwa hiyo wingu likiwa jeusi upande wa TPC, kule kwenye miwa, jioni, wakati wenzangu wanakimbilia ndani mi ndio natoka.